Ngonjera, stensili na fremu ya skrini: jinsi siasa ya mageuzi inavyopita mikononi mwa watu Dodoma

Kila aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii anaijua ile safu: watoto kumi au kumi na wawili, mashati yamepigwa pasi, mikono nyuma, mgeni rasmi amekaa mbele kwenye kiti kilichovikwa kitambaa. Mmoja anatoa ubeti wa kulalamika, mwenzake anamjibu, wa kwanza anabisha tena, wa pili anamwelimisha, na ubeti wa mwisho wanauimba wote kwa pamoja kwamba sasa wameelewana. Hiyo ndiyo ngonjera. Tumeisikia mno kwenye mahafali na siku za kupanda miti, hata tumesahau kwamba ilibuniwa na mtu, kwa kusudi maalumu, na mtu mwenyewe alikuwa Mgogo wa hapa hapa Dodoma.

Mathias Mnyampala alizaliwa Novemba 1917, Ugogo ikiingia kwenye njaa ile ambayo wazee wanaiita Mtunya. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilikuwa imekomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikagoma. Mtoto aliyezaliwa wakati huo akakua, akasoma shule ya misheni, akafundisha, akafanya kazi mahakamani, na kando ya kazi hizo akaandika historia ya watu wake pamoja na mashairi ya Kiswahili kwa kanuni za pwani. Naomba tukae kidogo hapo. Miaka hiyo shairi la vina na mizani lilihesabiwa kuwa mali ya Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja. Mtu wa bara, Mkristo, ambaye lugha ya mama yake ni Cigogo, akachukua kalamu na kutunga kwa bahari zile zile, yaani aina zile zile za mashairi, bila kuomba ruhusa. Kwangu mimi hilo peke yake lilikuwa tendo la siasa, kabla hajataja chama chochote.

Nimeanza na yeye kwa sababu mara nyingi mazungumzo ya sanaa na siasa huanzia mahali pasipo na mlango. Tunauliza kama msanii anapaswa kuingia kwenye siasa, kana kwamba yuko nje amesimama barazani. Swali linalofungua mambo ni la kifundi zaidi: maneno yale yalisafiri kwa chombo gani, mashine ilikuwa ya nani, karatasi alilipa nani, na umbo lenyewe la kazi liliruhusu nini kusemwa na nini kinyamaziwe. Ukiyashika hayo manne, historia ya siasa ya mageuzi katika nchi hii inaanza kusomeka, hata ukiwa umekaa Dodoma, mbali na Dar es Salaam ambako mengi yake yalitukia.

Neno moja kwanza. Siku hizi tukisema "itikadi kali" msikilizaji anawaza mabomu. Siyo ninayoizungumzia. Nazungumzia siasa inayotaka kubadili mambo kuanzia shinani: ardhi ni ya nani, kazi inamnufaisha nani, nani ana haki ya kusema mbele ya watu. Kwa maana hiyo TANU ya mwaka 1954 ilikuwa na siasa ya shinani, na vijana wa chuo waliokuja kuibana TANU hiyo hiyo miaka 16 baadaye walikuwa nayo pia.

Turudi kwenye mizani. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kabla ya kituo na nane baada yake. Una kina cha kati na kina cha mwisho, na mishororo minne inafanya ubeti. Anayeona hesabu hii kuwa pambo tu hajawahi kujaribu kukariri hotuba. Hotuba inamwagika njiani. Ubeti unafika nyumbani mzima, kwa sababu kina kinamkumbusha mkariri neno linalofuata na mizani inamwambia kama ameruka kitu. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Katika nchi ya namna hiyo mashine ya uchapaji yenye kasi kuliko zote ilikuwa kichwa cha mtoto wa darasa la nne.

Azimio la Arusha likatangazwa Februari 5 mwaka huo huo wa 1967. Mabenki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma, viongozi wakakatazwa kumiliki nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere akawaita washairi na kuwaomba walipeleke Azimio kwa wananchi. Mnyampala, ambaye alikuwa kiongozi katika chama cha washairi cha UKUTA, alikuwa na chombo tayari. Akachukua desturi ya zamani ya washairi kujibizana, akaitoa kwenye karatasi, akaipandisha jukwaani: wanaojibizana wasimame, waonyeshe kwa mikono na uso, mwenye mashaka juu ya ujamaa aseme mashaka yake, mwenye kuelewa amjibu. Alifariki Juni 1969, na ngonjera zake zikachapishwa kuwa vitabu baada ya hapo, zikaingia madarasani na kwenye mikutano ya vijiji.

Hapa ndipo mafundo yanapokaza. Yaliyomo ndani ya ngonjera zile yalikuwa ya kimapinduzi kweli kweli: mnyonyaji anatajwa hadharani, mbele ya watoto, kwa Kiswahili ambacho bibi kizee anakielewa. Miaka kumi tu nyuma kusema hivyo kungekupeleka mahakamani. Lakini tazama umbo. Mbishi wa ngonjera anaruhusiwa kubisha kwa sababu tunajua atakubali. Ubeti wa mwisho umeshaandikwa kabla ya ubeti wa kwanza kusomwa. Desturi ya malumbano ambayo Mnyampala aliichota haikuwa na sharti hilo. Washairi wa magazeti waliweza kujibizana toleo kwa toleo, wengine wakaingilia kati, na mwisho wake wakachoka bila mshindi. Ngonjera iliyachukua malumbano hayo, ikayapa mwisho mmoja. Nchi ilikuwa imeingia mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, na sidhani kama umbo na mfumo vilikutana kwa bahati. Sisemi hivyo kumshusha Mnyampala. Ni mtu ninayemheshimu kuliko washairi wengi waliojengewa majina makubwa kuliko lake. Nasema ili tuone kwamba kazi ya sanaa inaweza kuwa ya kimapinduzi kwenye maneno na ya utii kwenye muundo, kwa wakati mmoja, bila mtunzi kumdanganya yeyote.

Zamani fumbo ndilo lililokuwa ngao. Gazeti la serikali ya kikoloni, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na watu wakaizoea kuisoma kwa macho mawili. Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU, alitunga juu ya siafu waliokasirika. Afisa wa Kiingereza akisoma anaona wadudu. Msomaji aliyelelewa na vitendawili anajua siafu haji peke yake. Upande wa pili alikuwepo Erica Fiah, ambaye mwaka 1937 alianzisha Kwetu mjini Dar es Salaam, gazeti la Mwafrika mwenyewe, lililosema mambo kwa uwazi zaidi kuliko ilivyopendeza serikalini. Huyo naye hakuwa na chuo wala kiwanda nyuma yake. Alikuwa mfanyabiashara mdogo mwenye hasira na kamusi.

Sasa mashine. Kwa miongo mingi ukiuliza habari za uchapaji katika Kanda ya Kati unaelekezwa misheni. Waanglikana walifika Mpwapwa karne ya 19, wakachapisha Maandiko kwa Cigogo, na baadaye hapa mjini kikawepo kiwanda cha Central Tanganyika Press, kilichotoa vitabu vya dini na vya shule kwa Kiswahili. Huwezi kwenda kwenye mtambo wa namna hiyo na karatasi ya kumtukana mkuu wa wilaya. Ndiyo maana siasa ya uhuru, hapa na kwingineko, haikuzaliwa kwenye mitambo mikubwa. Ilizaliwa kwenye stensili.

Kwa vijana ambao hawakuiona: stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaitia kwenye taipureta, unaondoa utepe wa wino, unapiga herufi. Meno ya taipureta yanaitoboa nta. Kisha karatasi ile inavikwa kwenye pipa la mashine ya kurudufu, wino unawekwa ndani, unazungusha mkono, na kila mzunguko unatoa ukurasa. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unasubiri ikauke, unapiga upya. Nakala mia kadhaa zikishatoka stensili inaanza kuchanika na herufi "o" zinageuka matundu meusi. Mashine inaenea juu ya meza, inafichika chini ya kitanda, haihitaji umeme, na fundi wake anaweza kuwa karani yeyote aliyekaa ofisini mwezi mmoja.

Sauti ya TANU, jarida la chama, lilitoka kwa njia hiyo, na Nyerere mwenyewe alikuwa mhariri wake. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili katika jarida hilo, akahukumiwa kulipa shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Pima jambo hilo vizuri: dola yenye jeshi, reli na magereza ilishughulishwa na kurasa zilizorudufiwa kwa mkono. Ilijua kwamba msomaji mmoja wa kurasa hizo alikuwa na wasikilizaji wengi waliomzunguka kibarazani, na kwamba idadi ya nakala haikuonyesha idadi ya masikio.

Mashine ile ile ikageuka upande baada ya uhuru. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kutoa jarida waliloliita Cheche. Jina lilikuwa na ukoo: Iskra, gazeti la Lenin la mwaka 1900, maana yake ni cheche, na nchini Ghana ya Nkrumah lilikuwepo gazeti lenye jina hilo kwa Kiingereza. Wanafunzi hawa hawakuwa wapinzani wa ujamaa. Walikuwa wanaudai. Waliuliza mbona Azimio limesema wakulima na wafanyakazi ndio wenye nchi, na mbona mameneja wapya wa mashirika ya umma wanaanza kukaa kama mabwana. Toleo maalumu la Septemba 1970 lilibeba makala ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya matabaka yanayoendelea kimyakimya. Novemba mwaka huo jarida na chama cha wanafunzi kilicholitoa vikapigwa marufuku. Moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba jina lile lilifanya ionekane Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Jarida lililofuata, chini ya Umoja wa Vijana wa TANU, likaitwa Maji Maji. Jina likawa la kwetu, nafasi ya kubisha ikapungua, ingawa wahariri walijitahidi kuitumia.

Nimekuwa nikisikia watu wakisema gazeti la chuo halikuwahusu watu wa Dodoma. Liliwahusu. Wakati wanafunzi wakijadili matabaka, mkoa huu ulikuwa unahamishwa. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1970, familia zikatolewa kwenye kaya zao zilizotawanyika na kupelekwa vijiji vya ujamaa, na mwaka 1971 Nyerere alikuja Chamwino, akakaa, akafanya kazi ya matofali pamoja na wanakijiji. Wapo wazee wanaolikumbuka hilo kwa fahari na wapo wanaokumbuka tembe lililoachwa likabomoka. Aliyesema kwa sauti mwaka 1970 kwamba kuna umbali kati ya kauli ya chama na maisha ya mkulima alikuwa anazungumza habari za hapa, ajue asijue.

Halafu ukaja mchoro mkubwa kuliko yote. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka 1976 ukatolewa mpango mkuu wa mji, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Nimeutazama mpango ule mara nyingi kama mtu anavyotazama picha, kwa sababu ni kazi ya sanaa yenye siasa ndani yake. Ulikataa mji mkuu wa minara na viwanja vya gwaride. Dodoma ilikusudiwa iwe kijiji kikuu katika nchi ya vijiji: majengo yasiyopanda sana, yanayofuata vilima badala ya kuvikata, watu watembee kwa miguu na mabasi, miti ipite katikati ya makazi. Kipimo cha kuanzia cha makazi kilikuwa nyumba kumi, yaani kile kikundi kidogo ambacho chama kilikuwa kimekijenga tangu miaka ya 1960 chini ya balozi. Muundo wa chama ukageuzwa kuwa muundo wa mtaa. Sijui mji mwingine ambao itikadi iliingia kwenye rula ya mchoraji kwa uaminifu wa kiasi hicho.

Lakini mpango uliandikwa kwa Kiingereza. Ngonjera ilisikika kwa kila mtu, ramani ilisomwa na wachache. Mwenye kuijenga nyumba yake ya udongo mahali ambapo ramani imeandika bustani hakuwa na ubeti wa kumwelezea. Maandishi ya kwanza ya mpango kumfikia yangekuwa ile alama ya X ya rangi nyekundu ukutani. Kila mkazi wa miji yetu anaielewa, hata asiyejua kusoma. Ni herufi moja, haina mwandishi aliyejitaja, na haina ubeti wa kujibu. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa Mei 15, 2017, na hati za viwanja ambazo zilikuwa za miaka 33 zikaagizwa ziwe za miaka 99. Mwaka uliofuata, Aprili 26, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Leo Mtumba kumejengwa mji wa serikali wenye barabara pana na maghorofa ya wizara. Kile kijiji kikuu unaweza bado kukiona vipande vipande ukitembea Area C au Area D asubuhi, kwenye vichochoro vya miguu ambavyo havimo kwenye mazungumzo ya mtu yeyote sasa.

Muheme nao umepita njia hiyo. Ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, wao ndio wanaozipiga, ngoma zimebanwa kati ya mapaja, na mahali pake pa asili ni katika kuwalea wasichana kuingia utu uzima. Serikali ya uhuru ilipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 ilitaka ngoma za makabila zirudishiwe heshima baada ya miaka ya kuambiwa ni ushenzi, na hiyo ilikuwa siasa njema na ya lazima. Mwaka 1967 Hukwe Zawose, mwana wa kijiji cha Doda, alialikwa Dar es Salaam na zeze na ilimba yake, na dunia ikaja kumjua. Ngoma zikapata heshima, zikapata pia ratiba: dakika tano kabla ya hotuba, wakati mgeni anashuka kwenye gari. Mama anayepiga muheme pembeni mwa zulia jekundu anajua nyimbo ambazo hawezi kuziimba pale.

Khanga nitaigusa kwa ufupi, ingawa ningeweza kukesha. Ina pindo, ina mji, ina jina. Jina ndilo linalomsemea mwanamke yale ambayo adabu inamzuia kuyasema kwa mdomo: kwa mke mwenza, kwa jirani, kwa mume. Chama kikichapa khanga kinakalia nafasi hiyo ya jina. Sura ya kiongozi inaingia kwenye mji, kauli mbiu inachukua mahali pa neno la mwenye nguo. Uchaguzi ukiisha khanga inakuwa mbeleko, baadaye nepi, baadaye kitambaa cha kushikia sufuria, na kila hatua mwenyewe anarudishiwa sehemu yake.

Nimalizie Uhindini, mahali ninapopapenda mjini hapa, kwenye maduka ya stesheneri na vyumba vya nyuma ambako vijana wanachapa fulana. Vikao vya Bunge vikianza, na zaidi mwaka wa uchaguzi, vyumba hivyo havilali. Mabango makubwa sasa yanatoka kwa mashine za kompyuta, lakini fulana mia mbili za haraka bado ni kazi ya skrini: fremu ya mbao, kitambaa chepesi kilichovutwa kama ngozi ya ngoma, dawa inayoshika mwanga, jua la Dodoma la saa saba, maji, kisha wino unaovutwa kwa kipande cha mpira. Wanafunzi wa sanaa wa Paris walifanya kazi hiyo hiyo Mei 1968. Waliingia kwenye chuo chao, wakachapa usiku kucha mabango ya mgomo bila kuweka majina yao chini, kwa sababu fremu moja inatoa mamia ya nakala na anayeshika mpira hahitaji kuwa mchoraji. Chombo kinachofanya mgomo uonekane mtaani kwa saa chache ni kile kile kinachovalisha uwanja mzima rangi moja kwa agizo la ofisi. Tofauti inaanzia kwa aliyeleta mchoro na aliyelipia fulana.

Kijana mmoja wa pale alinionyesha fremu yake anayoitumia kuliko zote. Kitambaa hakibadilishwi kila kazi, kina gharama. Kazi ikiisha anaiosha kwa dawa, anaisugua, anaianika, anapaka upya. Wino haukubali kutoka wote. Kondoa, kwenye majabali ya Kolo, michoro myeupe imekaa juu ya myekundu ya zamani zaidi na yote miwili inaonekana. Fremu ile ilikuwa hivyo. Alipoiinua dirishani niliona nembo za vyama viwili, moja ndani ya nyingine, hafifu kama alama ya kikombe mezani, na juu yake namba ya jezi ya timu ya mtaani, na maneno ya kipaimara cha mtoto fulani. Nikamuuliza kama wateja hawalalamiki. Akasema wino mpya ukiwa mzito vya chini havitokei, akaishusha, akaomba nimpishe kwenye mwanga, kwa sababu fulana za watu zilikuwa zinachukuliwa saa kumi.